Mkojo umepungua wodini: tafuta chanzo kuanzia kibofu, upande juu

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa uuguzi wa miaka ya mwisho mlio kwenye mafunzo kwa vitendo mkoani Tanga, iwe ni hospitali ya Bombo, Muheza, Korogwe au Pangani. Muundo wa figo mmeshausoma na mtihani wake mmeshaufanya. Hapa nataka kuwapa njia ya kufikiri saa nane za usiku, daktari akiwa chumba cha upasuaji, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani hajakojoa cha maana tangu magharibi.

Darasani sababu za mkojo kupungua zimegawanywa mafungu matatu: zilizo kabla ya figo, yaani damu haifiki vya kutosha, zilizo ndani ya figo lenyewe, na zilizo baada ya figo, yaani mkojo umetengenezwa lakini njia imeziba. Mgawanyo huo ni sahihi. Ila kitandani mimi huanzia mwisho. Kizuizi cha njia ya mkojo unaweza kukigundua kwa mikono yako tu, mara nyingi kinaondolewa kwa dakika chache, na huku kwetu pwani sababu zake ni nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Nikiwa mwanafunzi, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, tulimpokea mzee aliyekuwa hakojoi. Tukadhani amepungukiwa maji, tukamtundikia dripu, chupa tatu mpaka alfajiri. Mimi ndiye niliyekuwa naandika maji yanayoingia, kwa mwandiko mzuri, huku safu ya maji yanayotoka ikiwa tupu. Mzee alikuwa akilalamika tumbo, akachomwa diklofenaki. Asubuhi sista wa zamu alimfunua shuka, akaweka kiganja chini ya kitovu, akaomba mpira wa mkojo. Ilitoka lita moja na nusu. Usiku kucha tulikuwa tunaongeza maji kwenye mtungi uliozibwa, na dawa ya maumivu tuliyompa ni ya kundi linaloumiza figo zilizokwisha kuelemewa.

Picha ya kuanza nayo: kifumbu

Aliyekulia kwenye nyumba inayopika wali wa nazi anakijua kifumbu. Unatia nazi iliyokunwa, unamimina maji, unakamua. Tui linapita, machicha yanabaki. Glomeruli, kile kifundo cha vimishipa kilicho mwanzoni mwa kila nefroni, yaani kila kitengo kidogo cha figo kinachotengeneza mkojo, kinafanya kazi hiyo hiyo. Kila figo lina nefroni zipatazo milioni moja. Mkono unaokamua ni shinikizo la damu.

Basi yapo mambo matatu yanayoweza kukunyima tui. Mkono ukilegea, halitoki: hapo chanzo kiko kabla ya figo. Kifumbu kikichanika au kikizibwa na machicha, ugonjwa uko ndani ya figo, na kikichanika protini na chembe nyekundu za damu zitapita. Na bakuli la chini likijaa mpaka maji yakakifikia kifumbu chenyewe, hata ukikamua kwa nguvu zote hakipiti kitu, kwa sababu shinikizo la chini linasukumana na la juu: chanzo kiko baada ya figo.

Picha hii ina mwisho wake. Kifumbu hakirudishi kitu, ila figo hurudisha. Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku, lakini mkojo unaotoka ni lita 1 hadi 2 tu. Zaidi ya asilimia 98 hufyonzwa tena na mirija midogo ya nefroni, na kazi hiyo inakula oksijeni nyingi. Sehemu ya ndani ya figo hupata oksijeni kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Kumbukeni hili, kwa maana ndilo linaloeleza kwa nini damu isipofika figoni vya kutosha, na hali hiyo ikichelewa kurekebishwa, kinachokufa kwanza ni seli za mirija, wakati kifumbu chenyewe bado kizima.

Hatua ya kwanza: pima, usikadirie

"Anakojoa kidogo" si taarifa. Mtu mzima anatarajiwa kutoa angalau mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mgonjwa wa kilo 60 ni mililita 30 kwa saa. Akitoa chini ya mililita 180 ndani ya saa 6, tayari ametimiza kigezo cha jeraha la ghafla la figo, hata kama kreatinini, ile taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, bado haijapanda. Kigezo kingine ni kreatinini kupanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au kufika mara 1.5 ya kiwango chake cha kawaida ndani ya siku 7. Angalieni tofauti ya muda: kreatinini inachelewa, inangoja ijikusanye kwenye damu. Mkojo unasema mapema. Muuguzi anayepima mkojo kila saa anaweza kujua habari ambayo maabara itaileta kesho.

Mweleze ndugu anayemhudumia mgonjwa kwamba mkojo usimwagwe chooni. Mpe chombo chenye alama za mililita, na umwonyeshe namna ya kusoma. Hili linahitaji maneno ya heshima, maana kwetu haja ndogo ni jambo la sitara. Kwa mzee anza na salamu:

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu."
"Baba, samahani, nataka kukuuliza juu ya haja ndogo. Leo imetoka vizuri?"
"Kidogo kidogo tu, matone. Na kila saa naisikia."

Jibu hilo limekwisha kukupa nusu ya kazi. Anayedondokwa na matone huku akihisi haja kila saa, kibofu chake pengine kimejaa na kinafurika. Asiyehisi haja kabisa, kibofu chake pengine ni kitupu.

Hatua ya pili: gusa kibofu kabla ya kugusa dripu

Vuta pazia. Mlaze chali, gusa juu ya mfupa wa kinena. Kibofu kilichojaa utakikuta kama mpira unaouma ukibonyezwa, na ukigonga kwa kidole sauti yake ni nzito. Mwanamume mtu mzima ukimkuta hivyo, fikiria kwanza tezi dume. Muulize kama mkondo umekuwa dhaifu, kama anasubiri kabla haujaanza, kama huamka mara nyingi usiku.

Kama kibofu kimejaa, mpira wa mkojo ndio tiba na ndio kipimo. Ila kuna mgonjwa mmoja usimwekee: aliyeletwa kutoka ajali ya bodaboda, nyonga imevunjika, na tone la damu linaonekana kwenye tundu la mkojo. Njia inaweza kuwa imechanika, na mpira utaongeza mpasuko. Mwite daktari.

Kwa wanaume wa ukanda huu mtakutana pia na busha, masalia ya ugonjwa wa matende. Busha kubwa hufunika uume wote kiasi kwamba hauonekani. Usihangaike peke yako wala usimwaibishe. Omba msaidizi, mvute ngozi taratibu, tafuta tundu kwa utulivu. Wanaume hawa wamekaa na aibu hiyo miaka mingi, na namna utakavyomtazama dakika ile ndiyo itakayoamua kama atarudi hospitali tena.

Mkojo ukifunguka, kazi haijaisha. Baada ya kizuizi cha muda mrefu, mirija ya figo huwa imepoteza uwezo wa kurudisha maji na chumvi, hivyo mkojo unaweza kumwagika kama bomba. Pima kila saa. Ukizidi mililita 200 kwa saa kwa saa mbili mfululizo, mjulishe daktari, fuatilia shinikizo la damu, na chumvi za damu, yaani sodiamu na potasiamu. Usimrudishie kila mililita iliyotoka, maana sehemu yake ni maji aliyokuwa ameyarundika mwilini, na ukiyarudisha yote mkojo hautakoma.

Kama kibofu ni kitupu, bado usikitoe kizuizi katika mawazo yako. Kinaweza kuwa juu zaidi, kwenye ureta, mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu, na hapo tumbo halitakuambia. Ultrasaundi itaonyesha figo zilizovimba kwa maji. Na huku kwetu hapo ndipo kinapoingia kichocho.

Kichocho cha mkojo kinastahili kusimamiwa kidogo. Vijiji vingi vya Muheza, Pangani na Mkinga vina mito, madimbwi na mashamba ya mpunga, na konokono wa maji baridi wanaobeba vimelea wamo humo. Minyoo iliyokomaa hukaa kwenye mishipa ya vena inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai yenye mwiba nchani. Baadhi hupenya na kutoka na mkojo. Mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu na ureta. Ni mayai haya yaliyokwama yanayoleta madhara, kuliko minyoo yenyewe. Kinga ya mwili huyazingira kwa vifundo vya seli, vifundo huacha kovu, kovu hukakamaa hadi kuwa gumu kama chokaa. Ureta iliyokakamaa hubanwa au hushindwa kusukuma mkojo, figo huvimba pole pole bila maumivu ya kutisha, na mtu anaweza kupoteza figo akidhani ana mgongo tu. Miaka mingi baadaye kovu hilo hilo laweza kugeuka saratani ya kibofu.

Uliza mahali alipokulia, alipokuwa akiogelea, kama utotoni alikojoa damu. Damu ya kichocho kwa kawaida hutoka mwishoni mwa haja, kibofu kinapojibana. Ukitaka sampuli ya kutafuta mayai, ichukue kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Tiba ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo, dozi moja, ila haiui minyoo michanga, kwa hiyo mara nyingine dozi hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Inaua minyoo, kovu lililokwisha kukakamaa haliondoi.

Kwa mama zetu kuna jambo linaloniumiza. Mayai hayo hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na uke, yakaleta vidonda na damu, na mwanamke aliyeambukizwa mtoni akichota maji akatibiwa kisonono mara tatu, na nyumbani akatuhumiwa. Ukiona dalili zinazorudi baada ya dawa za magonjwa ya zinaa, muulize kuhusu mto kabla ya kumuuliza kuhusu mume.

Hatua ya tatu: utazame mkojo kwenye mwanga

Wengi hukimbilia kijiti cha kupimia bila kuutazama. Tazama kwanza.

Mkojo mweusi kama kahawa ya tangawizi kwa mgonjwa wa malaria kali ni himoglobini iliyomwagika kutoka kwenye chembe zilizopasuka, nayo inaumiza mirija ya figo. Mwekundu kama maji ya nyama, uso umevimba asubuhi, mtoto alikuwa na upele wiki kadhaa nyuma: fikiria uvimbe wa glomeruli unaofuata maambukizi ya bakteria wa streptokoka. Wenye povu lisilokatika una protini nyingi. Na upo mkojo mweupe kabisa kama tui. Huo ni maji ya limfu yaliyoingia kwenye njia ya mkojo, kwa kawaida kwa sababu ya matende. Usiuandike usaha.

Halafu kijiti. Naitraiti, kemikali inayotokana na bakteria, na chembe nyeupe kwa pamoja hutia nguvu wazo la bakteria, na anayeongoza ni E. koli. Yurethra, njia ya kutolea mkojo kutoka kibofu, ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, ya mwanamume 20 hivi, na tofauti hiyo inaeleza mengi. Homa, baridi na maumivu ubavuni chini ya mbavu maana yake maambukizi yamepanda hadi figo. Sampuli isichukuliwe kamwe kutoka kwenye mfuko wa mkojo. Bakteria wamekwisha kuzaliana humo. Mfuko ukae chini ya kibofu, usiguse sakafu, na kila asubuhi uliza kama mpira bado unahitajika, kwa sababu kila siku unaobaki hatari ya maambukizi inaongezeka.

Usiruke kipimo cha uzito wa mkojo kwenye kijiti. Ukisoma 1.020 au zaidi, figo bado ina akili: inabana maji kwa sababu damu haifiki. Ukikwama kwenye 1.010 huku mgonjwa akiwa mkavu, mirija pengine imekwisha kuumia. Kwa mgonjwa wa selimundu usitegemee kipimo hiki, kwa kuwa figo lake hupoteza uwezo wa kukoleza mkojo tangu utotoni.

Hatua ya nne: je, damu inafika?

Kijana wa shamba la mkonge aliyekata majani jua kali bila maji, mama aliyetoka damu baada ya kujifungua, mtoto wa kuhara, mgonjwa wa moyo: wote wanaweza kufika na mkojo mchache kwa sababu moja, mkono unaokamua umelegea. Figo hujitetea kwa njia mbili. Mshipa unaoingia kwenye glomeruli hupanuliwa na kemikali ya mwili iitwayo prostaglandini. Unaotoka hubanwa na homoni iitwayo anjiotensini. Hivyo shinikizo ndani ya kifumbu hubaki hata damu ikipungua.

Sasa tazama dawa. Diklofenaki na ibuprofeni huondoa prostaglandini, mlango wa kuingilia ukajibana. Kaptopili na enalapili, dawa za shinikizo la damu, huondoa nguvu ya anjiotensini, mlango wa kutokea ukalegea. Ongeza furosemidi, dawa ya kukojosha, na mgonjwa aliyeharisha siku mbili amepoteza kinga zote kwa pamoja. Kwa hiyo katika hatua hii soma chati ya dawa kabla hujamwita daktari, na muulize ndugu kuhusu dawa za duka na za miti shamba. Uliza bila kukunja uso. Ukionyesha dharau utaambiwa "hakuna kitu," na kikombe kitaendelea kuingia wodini chini ya kanga.

Kuhusu maji ya mishipani: aliyepungukiwa hurudishiwa, lakini unasikiliza mapafu na kupima mkojo kila unapoongeza. Kwa watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu, utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na hapa hapa Muheza, matokeo yake yakatoka mwaka 2011, uliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 na kuonyesha kwamba waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi ndani ya saa 48: takriban asilimia 10.5 dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa. Watoto wa kuhara hawakuwamo katika utafiti ule, wao wana utaratibu wao wa kurudishiwa maji. Basi usichanganye makundi haya mawili.

Hatua ya tano: figo lenyewe

Umefika hapa kwa kuwa kibofu ni kitupu, ultrasaundi haionyeshi kizuizi, na maji hayakusaidia. Tenganisha mahali panapouma. Glomeruli ikiungua, utaona damu, shinikizo juu na mkojo mchache. Glomeruli ikivuja, protini hupita zaidi ya gramu 3.5 kwa siku, albumini, protini kuu ya damu, hushuka, mwili hujaa maji. Mirija ikifa, kwa kukosa damu au kwa sumu kama antibiotiki ya gentamisini, mkojo hupungua siku kadhaa hadi wiki, kisha hufunguka seli zikiota upya. Kisukari na shinikizo la damu huliharibu figo kimya kimya. Tatizo likizidi miezi 3 tunaliita sugu, na upungufu wa damu mara nyingi huambatana nalo kwa sababu figo ndilo linaloagiza uboho utengeneze chembe nyekundu.

Mama mwenye kifafa cha mimba anahitaji jicho la pekee. Magnesiamu anayopewa hutoka kwa njia ya figo tu. Kabla ya dozi inayofuata hakikisha mkojo ni angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, na goti bado linaruka ukiligonga. Kimoja kikikosekana, zuia dozi, mwite daktari, na kalsiamu gluconate, dawa ya kuzima sumu ya magnesiamu, iwe karibu.

Hatua ya sita: potasiamu, na suala la madafu

Mgonjwa wa figo mara nyingi huuliwa na moyo kabla ya sumu nyingine. Potasiamu isipotoka, misuli hulegea, mapigo huwa ya pole pole au yasiyo na mpangilio, na kwenye kipimo cha umeme wa moyo mawimbi ya T huchongoka kama hema. Hapo ni dharura. Jueni kila dawa inafanya nini: kalsiamu hulinda moyo lakini haipunguzi potasiamu, insulini pamoja na glukosi huisukuma ndani ya seli kwa saa chache tu, kinachoitoa mwilini ni mkojo, choo au mashine ya kusafisha damu.

Na hapa Tanga kila mgonjwa wa mkojo huletewa madafu. Kwa mtu mwenye figo nzima dafu ni kinywaji kizuri. Ila maji yake yana takribani miligramu 200 za potasiamu kwa mililita 100; dafu kubwa ni kama gramu moja. Kwa figo lisilotoa mkojo, madafu mawili ya mapenzi yanaweza kuusimamisha moyo. Usimpokonye mama mtu dafu mkononi. Kaa naye, mwambie, "Mama, hili ni zuri, lakini figo la mwanao kwa sasa haliwezi kulibeba. Likipona tutamletea." Kisha andika kwenye chati na umwambie wa zamu ijayo.

Hatua ya saba: kabidhi zamu kwa sentensi inayofanya kazi

Usiseme "mgonjwa namba nne hakojoi vizuri." Sema hivi: "Mzee wa miaka 66, kilo 60, kutoka Pangani. Mkojo mililita 110 kwa saa 6. Kibofu nimekigusa, ni kitupu. Kijiti: damu, uzito 1.010, hakuna naitraiti. Amekunywa diklofenaki za dukani siku 5, nimezizuia. Utotoni alikojoa damu. Potasiamu imetumwa saa 9 usiku, jibu bado. Madafu yamezuiwa, mkewe ameelezwa. Naomba ultrasaundi ya figo asubuhi hii."